Mtoto haongei: kabla ya kukata udata, nani atampima masikio?

Mtoto akifika miaka miwili na nusu bila kutamka neno, ushauri haukosekani mtaani. Bibi atasema watoto wa kiume huchelewa. Jirani atasema ana udata, akakatwe. Mwingine atataja kimeo. Mzazi unazunguka na maneno hayo mwaka mzima, na mara nyingi hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa: je, anasikia?

Niseme wazi kuhusu udata. Utando mfupi chini ya ulimi unaweza kumsumbua mtoto mchanga kunyonya, na ukibana sana unaweza kuharibu matamshi ya sauti kadhaa. Haumzuii mtoto kujifunza maneno. Asiyesikia, hata akatwe mara tatu, hataongea kwa sababu hiyo. Kimeo hakihusiki kabisa, na kukikata mitaani kunaleta kutokwa damu na maambukizi.

Mimi daktari naweza kutazama ndani ya sikio na kutibu usaha. Kupima usikivu kwa mashine na kurekebisha shimesikio ni kazi ya mtaalamu wa usikivu. Kumfundisha mtoto kuwasiliana ni kazi ya mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, ambaye pia humfundisha mgonjwa wa kiharusi kumeza uji usiingie kwenye mapafu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, hatua kubwa, lakini kifaa chenyewe hakimfundishi mtoto neno hata moja. Anahitaji miaka ya mazoezi, na watu wa kumfanyisha mazoezi hayo ni wachache mno.

Kwa hiyo nafurahi kuona Chuo Kikuu cha Muhimbili kina shahada ya kwanza ya fani hizi, na natamani vyuo vingine vipange ya kwao. Ombi langu ni moja, nawe msomaji unisaidie kulidai: shahada hii isiletwe nzima nzima kutoka ng'ambo.

Vipimo vingi vya usemi vilitungwa kwa Kiingereza. Vinamtazama mtoto kama ameweka "s" ya wingi mwishoni mwa neno. Mtoto wetu ana kazi nyingine: miti na viti, kiti kimevunjika na siyo imevunjika. Orodha za maneno ya kupimia usikivu wa Waingereza zimejaa maneno ya silabi moja, wakati Kiswahili hakina mengi ya namna hiyo. Na mtoto anayechanganya "l" na "r" kwa sababu ndivyo lugha ya nyumbani kwao inavyotamka si mgonjwa. Asipelekwe kwenye tiba asiyoihitaji. Mwanafunzi asome isimu ya Kiswahili kwa uzito uleule anaosomea mishipa ya sikio. Asome pia lugha ya alama, maana kwa baadhi ya watoto hiyo ndiyo njia yao. Na mafunzo ya vitendo yafike hospitali za mikoa, kwa sababu mama wa Kigoma hawezi kuja Dar es Salaam kila wiki.

Kama mwanao amemaliza kidato cha sita kwa masomo ya sayansi, usimwambie hii ni kozi ya waliokosa udaktari. Mwulizie chuo mambo matatu: atafanya mazoezi na wagonjwa wapi, nani atamsimamia, na akihitimu atasajiliwa na baraza gani.

Na kama una mtoto mdogo, utaratibu unaopendekezwa kimataifa ni apimwe usikivu kabla ya kutimiza mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, aanze kusaidiwa kabla ya sita. Aliyezaliwa njiti, aliyepata manjano kali au homa ya uti wa mgongo asikose kabisa. Umri huo umeshapita? Omba rufaa ya kipimo wiki hii. Hakiumi, na mtoto mchanga anaweza kupimwa akiwa amelala mapajani mwako.