Adabu ya Mtutu: Majibu kwa Wanaosema "Haina Risasi"

Raia anayemiliki bastola kihalali nchini Kenya amepita kwenye Bodi ya Leseni za Silaha, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Amejieleza, amechunguzwa, amepewa cheti. Cheti hicho humruhusu kubeba silaha, lakini mazoea ya mkono hakimpi. Hayo huyapata kwenye uwanja wa shabaha, kama ule wa Kirigiti kule Kiambu, ambako wenye leseni hufika kufanya mazoezi na kushindana. Na uwanjani, kwa sisi tunaosimama nyuma ya mstari wa kufyatulia kuwaangalia wengine, kauli ni zilezile kila wiki. Nazijibu hapa kwa sababu zimeota kwenye mzizi mmoja. Wanaozisema wanadhani adabu ni jambo moja na usalama ni jambo jingine. Mimi nasema kwamba mtu mwenye bastola mkononi tunaijua adabu yake kwa kutazama mtutu wake umeelekea wapi.

"Usijali, haina risasi." Hii ndiyo kongwe kuliko zote, na ndiyo iliyozika watu wengi. Mwenye kuisema kwa kawaida ameshachomoa magazini na kuiweka mezani, basi anaamini kazi imekwisha. Lakini risasi iliyokwisha kuingia chemba, tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi kabla ya kupigwa, haitoki pamoja na magazini. Inabaki pale, haionekani kwa nje, na bastola nyingi, Glock ikiwa mojawapo, hufyatuka vizuri tu hata magazini ikiwa mfukoni mwa mwenyewe.

Kosa jingine la jamii hiyo ni la mpangilio, nalo huwanasa hata watu makini. Mtu ana haraka, anaanza kwa kuvuta slaidi, kile kipande cha juu cha bastola kinachorudi nyuma. Risasi inaruka, inaanguka mezani, anaiona kwa macho yake, moyo unatulia. Kumbe slaidi iliporudi mbele imechota risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuisukuma ndani ya chemba. Sasa ndipo anachomoa magazini. Mezani ipo risasi aliyoitoa, mkono wa kushoto una magazini, na bastola iliyo mkono wa kulia imejaa. Mtu huyu ukimuuliza ataapa kwamba ni tupu, na hatakuwa anakudanganya. Atakuwa anakwambia anachokiamini.

Utaratibu ulio sahihi hauchukui hata nusu dakika. Mtutu uelekee shabaha na kidole kikae nje ya kifyatulio. Magazini itoke kwanza, slaidi ivutwe mara mbili au tatu kisha ifungwe nyuma, macho yaingie ndani ya chemba, halafu ncha ya kidole kidogo iguse tundu lenyewe, maana mwanga wa jioni hudanganya macho. Baada ya hapo mpe mwenzako naye akague. Na ukikabidhiwa bastola na mtu aliyeikagua mbele yako, ikague tena. Hujamtukana wala hujamwita mwongo. Asiyekagua ndiye anayemvunjia heshima mwenzake, kwa kuweka maisha ya wote juu ya neno la mdomo. Tarehe 21 Oktoba 2021, kwenye utengenezaji wa filamu iitwayo Rust huko New Mexico, Marekani, bastola ilitangazwa kuwa salama kabla ya kuwekwa mkononi mwa mwigizaji. Ndani mlikuwa na risasi ya kweli. Mpiga picha mkuu Halyna Hutchins alifariki, na mwongozaji alijeruhiwa.

Karibu na kauli hiyo ipo nyingine: "Mimi si mgeni wa silaha." Husemwa na askari wastaafu, walinzi wa watu wakubwa, na wale waliorithi bunduki ya babu. Nawaheshimu kwa dhati. Lakini mwaka 2004, huko Orlando, Florida, ofisa wa shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya alisimama mbele ya watoto kuwafundisha hatari za silaha, akawaambia kwamba yeye ndiye pekee chumbani mwenye utaalamu wa kushika bastola aliyokuwa nayo. Muda mfupi baadaye ililia na kumjeruhi paja. Ujuzi alikuwa nao. Kilichomponza ni kwamba mkono uliozoea hufanya mambo bila kumshauri mwenyewe, na kosa likishaingia katika mazoea hayo, halipigi hodi. Jeff Cooper, mwanajeshi wa Marekani aliyefungua shule ya Gunsite huko Arizona mwaka 1976, aliziweka kanuni zake nne kwa ajili ya watu wazoefu pia: hesabu kila silaha kuwa imejaa, usiuelekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kidole kisiguse kifyatulio kabla macho hayajakaa kwenye shabaha, na ujue unachokilenga pamoja na kilicho nyuma yake. Katika zote nne, hakuna inayotaja miaka ya kazi.

Nije kwenye kauli inayoniuma zaidi, kwa kuwa inatumia jambo jema kutetea jambo baya. "Kijana mdogo hawezi kunipigia kelele mbele za watu." Kwetu mtu mzima hakosolewi hadharani. Huitwa pembeni, huamkiwa kwanza, na neno gumu huzungushwa mpaka lilainike. Nimelelewa hivyo na sitaki desturi hiyo ipotee. Lakini itazame hali yenyewe. Mzee amepiga shabaha vizuri, matundu matano yamekaa karibu karibu. Amefurahi, anageuka kuwaonyesha jamaa waliokaa nyuma. Kichwa kinageuka kwanza, mabega yanafuata, na mkono wenye bastola unafuata mabega. Mtutu unapita kwenye mbavu za jirani yake wa kushoto, unapita kwenye matumbo ya waliokaa kwenye benchi, na kidole bado kimo pale pale kilipokuwa wakati wa kupiga. Risasi ya 9mm hutoka kwa kasi ya takriban mita 350 kwa sekunde, na jirani yake yuko hatua mbili tu. Msimamizi aliye nyuma yake, hata akiwa na umri wa mjukuu wake, ana nafasi ya neno moja. "Acha!" na kwa sauti kubwa, kwa kuwa masikio ya wote yamezibwa.

Neno hilo si tusi. Ni haki ya kila aliyepo uwanjani, awe mshiriki, mgeni au dereva aliyemleta bosi wake, kulitamka anapoona hatari, na ni wajibu wa kila mwenye silaha kutulia pale alipo anapolisikia, mtutu ukielekea kwenye tuta la udongo. Kuuliza "nani kasema?" ni baadaye. Katika mashindano ya bastola yanayosimamiwa na shirikisho la kimataifa la IPSC, mshindani akiupitisha mtutu nje ya nyuzi 90 kutoka upande wa shabaha, mashindano yake yameishia hapo, hata kama ndiye bingwa mtetezi. Waziri, padri na fundi wa magari wanapimwa kwa nyuzi hizo hizo.

Heshima ya umri haijatupwa. Inangoja tu bastola ilale mezani. Hapo msimamizi amwite mzee kando, amwambie "samahani mzee, mtutu uliwapita watu," na amweleze taratibu namna ya kuweka silaha chini kwanza ndipo ageuke. Msimamizi anayeendelea kufoka wakati hatari imekwisha, au anayemfanya mtu kichekesho mbele ya wenzake, naye amekosa, na kosa lake lina matokeo: mtu aliyeaibishwa huficha makosa yake, na siku bastola yake itakapomletea tatizo hatainua mkono kuomba msaada. Lakini mzee naye, na hili nawaambia wakubwa zangu bila kuzunguka, akishukuru kwa sauti baada ya kukaripiwa, amewafundisha vijana wote waliopo somo ambalo mimi siwezi kuwafundisha kwa mwaka mzima.

"Ni sekunde moja tu, narekebisha ala yangu." Watu wako mbele wanabandika karatasi mpya kwenye shabaha, na huku nyuma mmoja anashika bastola yake, eti anaipanga vizuri. Sipokei maelezo yoyote hapa. Mtu akiwa mbele ya mstari, hakuna anayegusa silaha wala magazini. Kila mmoja arudi hatua mbili nyuma ya meza, mikono ionekane. Na bastola ikikuponyoka, iache ianguke. Anayejaribu kuidaka hewani huishika popote, na mara nyingi kidole hupata kifyatulio. Kanuni za IPSC haziruhusu hata mwenyewe kuiokota, huiokota msimamizi.

Kuna pia ganda la moto linaloruka kutoka bastola ya jirani na kuingia kwenye kola. Linaunguza kweli. Anayeruka na kujipapasa akiwa ameshika silaha anaweza kumwaga damu kwa sababu ya lengelenge. Weka bastola chini kwanza, mtutu mbele, kisha jitoe ganda lako. Afadhali zaidi uje na shati lililofungwa shingoni na kofia yenye ukingo.

"Haikulia, basi ni mbovu, toa uweke nyingine." Hapana. Fataki ya risasi ikigongwa na baruti isiwake, inawezekana inakawia tu. Uache mtutu ukielekea shabaha, uhesabu sekunde 30, ndipo uitoe. Hatari zaidi ni ile iliyolia kwa sauti ndogo isiyo ya kawaida, kama kizibo cha chupa, bila teke la kutosha mkononi. Huenda baruti ilikuwa pungufu na risasi imekwama katikati ya mtutu. Slaidi inaweza kujirudi au ukairudisha kwa mkono, na anayefuatisha risasi ya pili anaipeleka kugonga ile ya kwanza, mtutu uvimbe au upasuke mikononi mwake na usoni mwa jirani. Ukisikia sauti hiyo kutoka meza ya mwenzako, piga kelele "Acha!" bila kuona haya. Uso wake una thamani kuliko utulivu wa alasiri yako.

"Hii ni .22 tu, ya kuchezea." Risasi hiyo ndogo hufika zaidi ya kilomita moja na nusu ikipigwa juu, na ikigonga jiwe au chuma hubadili njia isivyotabirika. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Kauli ya "Masikio yangu yamezoea" naijibu kwa upole zaidi, kwa kuwa anayeisema anajiumiza mwenyewe kwanza. Mlio wa bastola ya 9mm hukaribia desibeli 160, ilhali wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha milio ya ghafla kwenye desibeli 140. Vinywele vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Kule "kuzoea" ni kutosikia. Kabla hujafyatua, tazama kulia na kushoto: yupo aliyeinua vizibo vyake amsikilize msimamizi? Mngoje. Na mahindi ya kuchoma yabaki garini mpaka umalize, kwa kuwa fataki za risasi nyingi zina madini ya risasi, yale yanayoutia mwili sumu, na vumbi lake hukaa viganjani. Nawa kwa sabuni na maji baridi, ubadili shati kabla hujamkumbatia mtoto nyumbani.

Kauli ya mwisho huja na kicheko na simu iliyowashwa kamera: "Mwache ajaribu ile kubwa, ndipo atajua." Anayesemwa ni rafiki asiyewahi kushika silaha, mke, au mtoto. Oktoba 2008, kwenye maonyesho ya silaha huko Westfield, Massachusetts, mvulana wa miaka 8 alipewa bunduki ndogo aina ya Uzi, inayomimina risasi mfululizo. Teke la bunduki liliugeuza mtutu na akafa. Agosti 2014, kwenye uwanja mmoja wa Arizona, msichana wa miaka 9 alipiga risasi moja ya Uzi, ikaenda vizuri. Mwalimu, aliyesimama ubavuni pake, akaiweka kwenye mtindo wa kumimina risasi. Silaha ikapanda na kugeuka upande wake, risasi ikampata kichwani, akafariki. Watoto hao hawakukosa adabu. Watu wazima waliowapenda ndio waliowapa kitu kilichoizidi mikono yao.

Mgeni wako mpe .22, na katika magazini uweke risasi moja peke yake. Simama nyuma yake kidogo, upande wa mkono anaofyatulia, mkono wako ukiwa tayari kuzuia kigasha chake kisipande. Simu zizimwe. Ikishalia, bastola irudi mezani, chemba ikaguliwe, mzungumze alichohisi, kisha ndipo mjaze ya pili.