Mdaiwa sugu mwingine

KIBARAZANI
Na Rehema Kingazi

Tumezoea kampeni za kuwasaka wadaiwa sugu wa kodi ya pango katika nyumba za umma. Notisi hubandikwa milangoni, makufuli hufungwa, vyombo hutolewa nje na waandishi wa habari huitwa kushuhudia. Sina ugomvi na hilo. Anayekaa miaka bila kulipa anawabebesha mzigo wenzake wanaolipa. Lakini yupo mdaiwa mwingine ambaye hatangazwi. Ni mwenye nyumba aliyepokea fedha za usafi, ulinzi na matengenezo, ilhali ngazi hazifagiliwi, lifti imekufa, na bomba la ghorofa ya tatu linavujia kitandani kwa mtu wa ghorofa ya pili. Huyo naye anadaiwa, na deni lake halibandikwi mlangoni kwa mtu yeyote.

Wapangaji wengi wakifika hapo huchagua moja kati ya mawili: wanung'unike wao kwa wao, au wagome kulipa. Manung'uniko hayamfikii mhusika, na mgomo humpa sababu ya kukuita mdaiwa. Njia ya tatu ni ya polepole na ina makaratasi mengi, lakini ndiyo inayouma: kumtaka aliyekutoza aonyeshe fedha yako imelipia nini.

Tazama yaliyotokea Southwark, kusini mwa mto Thames jijini London. Halmashauri ya huko inamiliki maelfu kwa maelfu ya nyumba za kupangisha watu wa kipato cha chini. Kwa miaka mingi ilikusanya pia malipo ya maji na majitaka ya kampuni ya Thames Water kutoka kwa wapangaji wasiokuwa na mita, yakiwa yameunganishwa na kodi ya nyumba. Mpangaji alilipa bei kamili. Halmashauri nayo, chini ya mkataba wake na kampuni, ililipa bei yenye punguzo, na punguzo likabaki kwenye vitabu vyake.

Mpangaji mmoja akalipeleka suala hilo mahakamani. Hakudai kwamba kuna aliyeiba. Swali lilikuwa dogo na kavu: je, halmashauri ni wakala anayeikusanyia kampuni fedha zake, au inanunua maji na kuyauza upya? Jibu lilikuwa na uzito, kwa sababu kanuni za udhibiti wa maji za mwaka 2006 zinamkataza anayeuza maji upya kumtoza mlaji zaidi ya alicholipa yeye mwenyewe, isipokuwa ada ndogo ya usumbufu, ambayo kwa nyumba isiyo na mita ni peni moja na nusu kwa siku. Halmashauri ilijitetea kuwa ni wakala tu. Machi 2016 jaji wa Mahakama Kuu aliusoma mkataba wenyewe na kuamua kuwa ilikuwa mnunuzi na muuzaji. Punguzo lilipaswa kuwafikia wapangaji. Southwark ikajikuta inarejesha zaidi ya pauni milioni 28 kwa makumi ya maelfu ya wapangaji. Halmashauri ya Kingston, iliyokuwa na utaratibu kama huo, ilishindwa Mahakama Kuu mwaka 2019, ikakata rufaa, ikashindwa tena mwaka 2020.

Kilichonivutia katika kesi hiyo ni udogo wa tozo. Kwa kaya moja kwa wiki ilikuwa fedha ya kupuuzwa, ambayo mtu mwenye shughuli zake hawezi kupoteza siku kuifuatilia. Tozo zisizo za haki hupenda kukaa katika udogo huo. Zingekuwa kubwa, watu wangeandamana. Na zisipolipwa, hazibaki ndogo: mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ya huko, katika shauri la halmashauri ya Rochdale, ilikubali kuwa kukataa kulipa malipo ya maji yaliyomo kwenye mkataba wa pango kunaweza kuwa sababu ya amri ya kuondolewa ndani ya nyumba.

Mpangaji wa Uingereza ana silaha ambazo wa kwetu hana. Sheria ya mwaka 1985 inasema ada ya huduma inayopanda na kushuka kufuatana na gharama lazima iwe ya kiasi kinachostahili, na kazi iliyolipiwa iwe ya kiwango kinachokubalika. Anayelipa anaweza kudai mchanganuo, kisha akadai kukagua risiti. Gharama iliyochelewa kudaiwa kwa zaidi ya miezi 18 bila taarifa haitozeki tena. Kwa ubishi juu ya kiasi kuna baraza maalumu, na kwa malalamiko ya huduma mbovu kuna msuluhishi wa nyumba, ambaye hamtozi mpangaji kitu. Hata hivyo ngao hiyo ina tundu: wapangaji wengi wa nyumba za jamii, yaani zile za watu wa kipato cha chini, hutozwa ada isiyobadilika, na hiyo haiguswi na vifungu hivyo vya risiti.

Wala sheria za kumlinda mpangaji huko hazitoki kwenye huruma ya wakubwa. Mwezi Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitokea Sudan, alifariki huko huko Rochdale baada ya kuishi katika nyumba ya jamii iliyojaa ukungu. Familia ilikuwa imelalamika tangu mwaka 2017, na baba yake aliambiwa apake rangi juu ya ukungu. Uchunguzi wa kifo ulipohitimishwa Novemba 2022, shirika lenye nyumba lilikiri kuwa lilikuwa na dhana tu kuhusu mtindo wa maisha wa familia hiyo. Leo ipo sheria inayobeba jina la mtoto huyo. Tangu Oktoba 27, 2025 inamtaka mwenye nyumba wa jamii ashughulikie hatari ya dharura ndani ya saa 24, na achunguze hatari nyingine kubwa ya unyevu na ukungu ndani ya siku 10 za kazi.

Turudi nyumbani Tanzania. Agosti 2021 serikali ilianza kukusanya kodi ya majengo kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia: Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, viwango vilivyopanda mwaka 2023 kuwa Sh1,500 na Sh7,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Aliambiwa amalizane na mwenye nyumba wake, amkate kwenye kodi ya pango. Wangapi wamethubutu? Mpangaji wa Tandale au Mbagala, aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hana cha kukata mpaka miezi hiyo iishe, na ikiisha anamhitaji mwenye nyumba kuliko anavyozihitaji Sh9,000 zake. Ni Southwark yetu hiyo, ila haina kesi.

Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 tuliifuta mwaka 2005, na mabaraza yaliyokuwa yakisikiliza migogoro ya wapangaji yakawa yamekwenda na maji. Leo kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye foleni ya mashauri ya viwanja na mashamba, na mtu wa ada ya taka ya Sh5,000 hawezi kujipanga humo. Si kwamba hatuna pa kusimamia kabisa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtwisha anayepangisha sehemu ya jengo wajibu wa kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na maeneo ya pamoja, hata pale mkataba unapokaa kimya. Wapangaji wachache wanalijua hilo, na wenye nyumba hawana haraka ya kuwaambia.

Najua watakachosema wasimamizi wa nyumba za umma. Kodi zetu ni za chini kuliko soko, majengo ni ya zamani, na kila mpangaji akidai risiti kazi itasimama. Hoja ya kodi ya chini naikubali, lakini inahusu kodi. Ada ya huduma ni kitu kingine: mtu ametoa fedha kwa kazi iliyotajwa, na kazi hiyo ama imefanyika ama haikufanyika. Risiti nazo zipo tayari kwa ajili ya wakaguzi wa hesabu. Kuzifungua kwa aliyezilipia hakuongezi kazi kubwa. Kunaongeza aibu, na aibu hiyo tunaihitaji.

Kwa hiyo Shirika la Nyumba la Taifa, Wakala wa Majengo na halmashauri zenye nyumba waanze wao, bila kungoja sheria mpya. Kila ankara ichanganue kodi peke yake na kila huduma peke yake. Hesabu ya mwaka ya kila jengo ibandikwe pale pale zinapobandikwa notisi za wadaiwa. Kila lalamiko lipewe namba na tarehe ya kujibiwa, na tarehe ikipita ada ya huduma hiyo isitishwe mpaka kazi ifanyike. Bunge nalo lirudishe baraza dogo la wapangaji, lisilo na ada wala mawakili, la kumaliza shauri la ada ya taka ndani ya wiki chache.

Na wewe mpangaji, lipa kodi yako kwa wakati ili asipatikane wa kukuita mdaiwa. Kisha jikusanyeni kwa jengo, si mmoja mmoja, muandike barua yenye sahihi za wote, mtunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na muulize swali moja tu: ada ya mwaka jana ilifanya kazi gani? Mkinyimwa jibu, barua hiyo ndiyo ushahidi wenu wa kwanza.