Betri za Saa Zinaunguza Watoto Wetu

Wananchi wenzangu wa Busia na Malaba, nililoliona juzi usiku siwezi kulinyamazia. Mtoto wa mama mmoja, Sofia, hajatimiza miaka miwili, alimeza betri ya mviringo iliyochomoka kwenye mdoli wa taa. Majirani wakamtia vidole kooni, kisha wakamlisha matonge ya ugali makavu, eti yaisukume. Hospitalini, fundi wa eksirei alikuwa ameshakwenda zake nyumbani. Picha ikapigwa asubuhi, ikaonyesha duara ndani ya duara. Sarafu huonyesha duara moja tu. Ndipo ikatafutwa ambulensi ya Eldoret.

Kwamba watoto hutia kila kitu kinywani, nani asiyejua? Sarafu ikishafika tumboni, mara nyingi hutoka yenyewe. Betri iliyokwama kwenye umio haingoji: umeme wake huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata ile ambayo saa ilishaikataa. Na mtoto huyu alikaa nayo usiku kucha, jamani!

Marekani walitunga sheria mwaka 2022 kwamba kifuniko cha betri hizi kisifunguke ovyo mkononi mwa mtoto. Sisi tuna kituo cha pamoja cha mpakani, marais wawili walikuja kukizindua 2018, na bado vidude vyenye betri hizi vinapita njia za panya juu ya bodaboda. Wanaovipitisha ni sisi, na wanaoviuza ni sisi. Ewe mwenye kibanda, kifuniko kikifunguka kwa ukucha, usimuuzie mama mwenye mtoto. Faida ya shilingi ngapi hiyo?

Mzazi, mtoto akidondokwa mate ghafla, akikataa chakula, akikohoa bila mafua, shuku betri. Usimtapishe. Usimlishe. Ila kama amepita mwaka, anameza vizuri na hazijapita saa 12 tangu aimeze, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika kumi, visizidi mara sita, mkiwa tayari njiani. Asali isiwacheleweshe. Mkifika, tamkeni neno betri mlangoni, msikubali kuambiwa mketi foleni.

Wanabodaboda, mzazi wa namna hii mbebeni kwanza, nauli itazungumzwa baadaye. Vyama vya akina mama navyo vitafute namna ya kusaidiana.

Lakini eksirei ya usiku hatuwezi kuichangia kwa harambee, kodi tumelipa. Bunge la Kaunti liko hapa hapa mjini Busia. Twendeni, watoto migongoni, tukawaulize waheshimiwa: giza likiingia, nani anapiga picha?