Mkazi wa Kibera si adui wa reli

Kuna imani iliyokita mizizi katika nchi hii, maofisini na kwenye matatu, kwamba reli ya Kisumu ina adui mmoja mkubwa, na adui huyo anaishi Kibera. Ndiye anayetupa taka relini, ndiye anayetandaza nyanya na mitumba kando ya mataruma, ndiye aliyeing'oa. Kwa hiyo dawa yake ni ukuta, askari na tingatinga. Marafiki wa reli, wale wa kuipigania, kuitangaza na kuitunza bila kulipwa, watafutwe kwingine: miongoni mwa watalii, wastaafu na wapenzi wa historia wenye nafasi ya kutosha Jumamosi. Imani hiyo ni potovu, na imetunyima watu ambao reli ile inawahitaji kuliko wengine wote.

Nianze na shtaka zito zaidi, maana sitaki kulikwepa. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, vijana walizing'oa reli Kibera. Ulikuwa uharibifu, na haukuwaumiza viongozi waliogombania kura. Mizigo ya Uganda ilikwama na njia ya gari moshi ikakatika mlangoni pa watu wale wale wanaoitegemea. Sina utetezi wa kitendo hicho. Lakini nauliza kwa nini siku zile ziwe ndizo historia yote ya Kibera na reli, ilhali mkondo huu wa kwenda ziwani ulifika Kisumu mwaka wa 1901, na Kibera yenyewe ina zaidi ya karne moja tangu askari Wanubi wa jeshi la mkoloni wapewe makazi katika msitu ule.

Tutazame yaliyotokea miaka minne kabla ya ghasia hizo. Mwaka wa 2004 Shirika la Reli liliwapa notisi wote waliojenga katika hifadhi ya reli: ondokeni. Maelfu ya familia zilikuwa zimesogeza mabanda mpaka treni ikipita unaweza kuigusa ukiwa mlangoni. Wakazi wangeweza kungoja tingatinga na kulirushia mawe. Badala yake Muungano wa Wanavijiji, ambao ni muungano wa watu wa mitaa ya mabanda wenyewe, pamoja na shirika la Pamoja Trust, walitafuta njia nyingine. Maafisa wa reli walipelekwa Mumbai, India, wakajionee jinsi maelfu ya familia zilizoishi kandokando ya reli za jiji hilo zilivyojihesabu, zikajipanga na kuhama bila virungu. Na hapa kwetu njia hiyo ikafuatwa. Mlango kwa mlango, Kibera na katika mtaa wa Mukuru, watu waliandikwa: nani anaishi hapa, nani ni mpangaji, nani ana kibanda cha biashara. Kutokana na kazi hiyo ukaja mpango wa kuwahamisha uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na nyumba na vibanda vipya vikajengwa kando ya njia ili treni ipate nafasi ya kupita salama.

Fikiria maana ya jambo hilo. Mwenye banda la mabati anamfungulia mlango jirani aliyebeba daftari, anamtajia idadi ya watoto wake na kodi anayolipa, akijua kwamba hesabu hiyo ndiyo itakayoondoa banda lake. Anafanya hivyo ili reli ipone na yeye pia apone. Sijui kujitolea kwa ajili ya reli kunakozidi huko. Mstaafu mpenda reli hutoa wikendi yake. Huyu alitoa mahali pa kulala.

Na siyo hilo tu. Katika ghasia zile zile za 2008, wakati wengine waking'oa vyuma, msanii wa Kibera Solomon Muyundo, anayejulikana kwa jina la Solo 7, alikuwa akizunguka na rangi na kuandika ujumbe wa amani kwenye kuta na milango ya mtaa, bila kutumwa na yeyote. Mwaka uliofuata mpiga picha wa Ufaransa, JR, akishirikiana na wenyeji, alifunika mabati ya mapaa kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa hapo, jumla ya mita mraba 2,000. Picha zile zilichapwa kwenye turubai lisilopitisha maji, kwa hiyo mvua haikuwavujia wenye nyumba. Kisha macho yakabandikwa kwenye mabehewa ya treni, na nusu ya chini ya nyuso ikawekwa kwenye mabati mtelemkoni chini ya tuta la reli. Treni ilipopita, kwa nukta moja uso ukatimia. Picha hizo zilizunguka dunia. Hakuna tangazo la utalii lililowahi kuionyesha reli yetu kwa watu wengi hivyo, na nyuso zilikuwa za akina mama wa Kibera.

Sasa, wanaosema mandhari ya safari ya Kisumu ni ya wageni wanatutukana. Treni ikitoka Nairobi kuelekea magharibi inapitia Kibera na Dagoretti, inapanda Kikuyu na Limuru, kisha inatelemka ukingo wa Bonde la Ufa pale Kijabe, na Mlima Longonot unajitokeza. Mbele kuna Naivasha na Nakuru, misitu baridi ya Molo na Londiani, na hatimaye mashamba ya miwa ya Muhoroni. Ni nani aliye na haki zaidi ya kuitazama safari hiyo dirishani kuliko mfanyakazi wa mjengo anayeishi Gatwekera, Kibera, na ambaye mama yake anamngoja upande wa ziwa? Chukua pia mtaa wa Kawangware. Reli haipiti hapo. Inapita kusini mwake ikielekea stesheni ya Dagoretti. Lakini huko nako kumejaa watu wa magharibi ambao kila Desemba hubanana kwenye mabasi wakilipa nauli iliyopandishwa maradufu. Treni hii ni ya kwenda nyumbani kabla ya kuwa ya kitu kingine chochote.

Watu hutajiwa Wales, ambako mwaka wa 1951 reli ndogo ya Talyllyn ilikuwa ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea. Hutajiwa pia njia ya Settle hadi Carlisle kaskazini mwa Uingereza, ambayo serikali ilikusudia kuifunga hadi mwaka wa 1989, ikarudi nyuma baada ya wananchi kuandika pingamizi kwa maelfu. Halafu wanaotaja mifano hiyo huhitimisha: hayo ni mambo ya walioshiba. Mimi nasoma mifano hiyo kinyume. Njia ya Settle ilipona kwa sababu walioipigania walikuwa pia abiria wake na majirani zake. Pesa zilifuata baadaye.

Hapa kwetu serikali imeonyesha inaweza kufufua chuma. Njia ya Nanyuki, iliyokuwa imelala miaka mingi, ilirekebishwa kwa mikono ya jeshi na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), na abiria wakaanza kuipanda tena Desemba 2020. Ya Kisumu ikafuata mwaka wa 2021. Ila jeshi halitakaa kando ya reli kuzibua mfereji ulioziba. Maji yakisimama chini ya mataruma, kokoto hukaa vibaya na tuta hulegea, na Kibera mfereji huziba kwa taka kila wiki, tena kwa sababu magari ya kuzoa taka ya kaunti hayafiki huko ndani. Anayeliona tatizo hilo alfajiri ni mkazi anayetembea relini akienda Industrial Area kutafuta kibarua.

Hata hivyo, sitakubali neno kujitolea ligeuzwe kichaka cha kuwanyima watu mishahara. Fundi wa reli anayefunga skrubu na kupima upana wa njia ni mfanyakazi, alipwe. Anayejitolea apewe glavu, koleo, bima na chakula cha mchana, maana asiyekwenda kibaruani siku hiyo hana chakula jioni. Apewe pia kibali cha kusafiri bure. Kazi zenyewe ni nyingi: kusafisha mifereji, kuwazuia watoto wasicheze njiani, kuwaongoza abiria wageni, kuandaa safari za shule za Jumamosi hadi Naivasha, kuwasimulia watu historia ya mtaa unaopita dirishani. Vikundi vya maigizo vya Kawangware vingeweza kuitangaza safari ya Kisumu sokoni kwa wiki moja vizuri kuliko bango lolote la barabarani.

Ninalolidai kwa Shirika la Reli ni dogo. Liitishe kikao cha marafiki wa reli ya Kisumu, na kikao cha kwanza kifanyike stesheni ya Kibera, si makao makuu. Waalikwe waliohesabu milango wakati ule, maana wengi wao bado wako. Ajenda ya kwanza iwe mifereji, kabla ya mvua za Machi.