Waacheni Wakonde

“Mbona umekwisha hivi, mwanangu? Huko hulishwi?”

Aliyeambiwa hivyo ni mwanamke wa makamo, harusini Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, sinia la biriani likiwa katikati na wenzake watatu wameshanawa. Aliyesema ni mama yake mkubwa, tena hakunong'ona. Mwanamke huyo ana kisukari. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameyapa kisogo mahamri, na kilo kumi na kitu zilikuwa zimemtoka. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula, iliyokuwa haishuki chini ya milimoli 10 kwa lita, ilikuwa imefika 6. Daktari alimpongeza, jamaa zake wakampa pole. Kabla hajapata la kujibu, mnofu wa pili ulikuwa umesukumwa upande wake wa sinia na neno la kumalizia: “Kula, urudishe mwili.”

Akala. Nani angekataa mbele ya kadamnasi ile?

Imani iliyo nyuma ya maneno hayo anaijua kila aliyekulia Mji wa Kale. Mwili mkubwa ni siha, ni raha, ni ushahidi kwamba nyumba ina mtunzaji. Aliyenenepa amenawiri, mashallah. Aliyepungua ana jambo: ana deni, ana mke mwenza, kapigwa jicho, au ana ule ugonjwa usiotajwa. Hakuna anayefikiri kwamba huenda mtu amepungua kwa kutaka kwake. Imani hii ni upuuzi, na kwa mwenye kisukari ni upuuzi unaoishia kwenye meza ya kukatiwa mguu.

Hofu ya wembamba haikutoka hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Rakai, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, walianza kukonda na kufa bila maelezo. Mwaka 1985 madaktari waliueleza ugonjwa huo katika jarida la Lancet kwa jina walilolitumia wenyeji, Slim, yaani mwembamba. Kenya ilikuwa imeshamtambua mgonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1984. Kizazi kizima kikajifunza kukagua mashavu ya jirani. Hilo laeleweka. Lakini dawa za kupunguza makali zipo miaka mingi sasa, na wanaozitumia wana vitambi kama watu wengine. Maradhi yamebadilika, hofu imebaki ya mwaka 1985.

Maradhi ya leo yana sura nyingine. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliona kwamba wanawake 45 kati ya kila 100 nchini, wa umri wa miaka 20 hadi 49, wana uzito uliopita kiasi. Ule wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza uliona kwamba karibu watu wazima 9 kati ya 10 nchini walikuwa hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja maishani. Yaani karibu nusu ya kina mama harusini wana uzito wa kuwatia hatarini, wengi hawajui sukari yao ni ngapi, na anayekaguliwa kwa huruma ni yule mmoja aliyepungua!

Sasa wapenda miili wasikilize hesabu ya watu waliopimwa mmoja mmoja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, Profesa Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, aliwapa wagonjwa 11 wa kisukari cha aina ya pili chakula kidogo sana kwa wiki nane. Wiki moja tu ilipopita, sukari yao ya asubuhi ilikuwa imerudi kawaida. Sababu yake haina uchawi. Mafuta yaliyozidi mwilini hujaa kwenye ini, kisha humwagikia kongosho, na kongosho lililozongwa na mafuta hushindwa kutoa insulini inavyotakiwa. Mtu akipungua, mafuta ya ini hutangulia kuondoka.

Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi, uliofanywa Scotland na kaskazini ya Uingereza na kuchapishwa Desemba 2017. Ulikuwa na wagonjwa 306, wote wakiwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka sita na bila ya kutumia insulini. Baada ya mwaka mmoja, waliopungua kilo 15 au zaidi, 86 kati ya 100 hawakuwa tena na kiwango cha sukari cha mgonjwa, na hawakuwa wakimeza dawa yoyote ya kisukari. Waliopungua kilo 10 hadi 15, zaidi ya nusu. Waliopungua chini ya kilo 5, saba kati ya 100. Na walioongezeka uzito, waliokuwa 76, hakupona hata mmoja.

Hata mmoja. Hao ndio waliotii ushauri wa mama mkubwa.

Tom Watson, aliyekuwa naibu kiongozi wa chama cha Labour huko Uingereza, aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2015. Akapungua zaidi ya kilo 40, akaacha dawa, na magazeti ya kwao yakamwandika kama shujaa. Angekuwa mzaliwa wa Mkanyageni hapa Mombasa, angesomewa dua, na mkewe angeitwa na wazee aulizwe anapika nini.

Hapa ndipo hutolewa hoja ya bibi. Kila baraza ina bibi yake: alikuwa mnene, alikula wali wa nazi mchana na usiku, akafa na miaka tisini. Haya, mleteni bibi. Bibi huyo alikuna nazi kwa mbuzi, alitwanga kwa kinu, alifua kwa mkono nguo za watoto wanane na alipanda ngazi za nyumba ya ghorofa mara zisizo idadi kwa siku. Mjukuu wake anatwangiwa na mashine, anafuliwa na mashine, na nazi anainunua imeshakunwa. Tena nani alimpima bibi sukari? Huenda alikufa na kidonda cha mguu kikaitwa kijicho cha watu. Na si kweli kwamba Pwani ilikuwa hivi tangu zamani. Daktari Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye akafundisha hospitalini Mulago, Uganda, aliandika kwamba kisukari na shinikizo la damu vilikuwa nadra kwa wenyeji wa Afrika Mashariki katika miaka yake ya mwanzo. Kitabu chake kuhusu maradhi yasiyoambukiza Afrika kilitoka mwaka 1960. Huu unene tunaouita mila ni mgeni kuliko redio.

Hoja ya jirani mwembamba mwenye kisukari, kwamba wembamba haukumkinga, nayo ina jibu. Taylor na wenzake waliwachukua wagonjwa 20 wasio wanene, wakawapunguza uzito, na kwa 14 kati yao sukari haikuwa tena ya kiwango cha mgonjwa. Kila mtu ana kiwango chake cha mafuta ambacho mwili wake unastahimili. Mmoja huzidiwa na kilo 65, mwingine na 110.

Kuna pia wale waliojipa fatwa kwamba ugonjwa ni wa sukari, basi dawa ni kuacha sukari ya chai. Mmoja wao utamkuta asubuhi na kikombe kisicho hata chembe, uso umejaa subira, pembeni mahamri manne na bakuli la mbaazi za nazi. Jioni anakunywa kahawa chungu akiisindikiza na halwa. Wanga wa hamri huishia kuwa sukari ile ile ndani ya damu, na mafuta ya kukaangia yana safari yake ya kwenda kwenye ini. Mwezi wa Ramadhani ndio usiseme: mihogo ya nazi, viazi vya nazi, ndizi za nazi, tambi, mkate wa sinia, kaimati zinazoogelea kwenye shira, yote kwa futari moja, kisha daku. Watu wanafunga mwezi mzima na kuuaga na kilo za ziada. Hadithi ya tumbo kugawanywa theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi husomwa kila mwaka mimbarini. Ikifika jikoni pumzi ndiyo hukosa nafasi.

Na sinia lenyewe, kwa heshima zote, ni adui wa mwenye daiti. Kwenye sahani yake mtu hula nusu na hakuna ajuaye. Kwenye sinia la watu wanne, mkono unaosimama mapema huonekana, na mwenye mkono huo huulizwa chakula kina kasoro gani. Sinia ni jambo jema. Linafundisha watu kula pamoja, tajiri na maskini. Lakini halina mstari wa kuonyesha fungu la mtu linaishia wapi, na upande wa mgonjwa hujazwa na wenye mapenzi kila unapopungua.

Kupungua kwenyewe Mombasa nako ni kazi ya kishujaa. Daktari anasema tembea. Utembee wapi? Kutoka Kibokoni hadi Marikiti ni mwendo mfupi tu, lakini kwenye Barabara ya Digo njia ya miguu imegeuzwa maegesho ya bodaboda na meza za mitumba, na Ndia Kuu tuktuk zinapita zikigusa buibui za watu. Basi mtu anapanda tuktuk kwenda kununua mchicha. Bustani ya Mama Ngina ilikarabatiwa mwaka 2019, ina nafasi na upepo wa bahari. Nenda jioni uone wangapi wanatembea na wangapi wamekaa ndani ya gari wakingoja mihogo ya kukaanga. Halafu huyo huyo wa mihogo hununua chupa ya majimaji ya kijani kutoka kwa mchuuzi anayeahidi kufuta kisukari kwa siku saba, bei yake ikipita ile ya vidonge vya mwezi. Mwandishi wa safu hii amechoka kuona chupa hizo kwenye kabati za watu wenye akili zao timamu.

Mtu akikonda ghafla bila kutaka, huku ana kiu isiyokatika na anakwenda msalani usiku kucha, hiyo ni dalili ya kisukari chenyewe na anatakiwa kupimwa siku hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba huyo naye Mji wa Kale humpa dawa ile ile: uji mzito wenye maziwa na sukari, arudishe mwili.

Kwa hivyo jamaa waulize jambo moja tu, sukari yako siku hizi ni ngapi, kisha wamwachie mgonjwa upande wake wa sinia kama ulivyo, au wampe sahani yake mwenyewe bila maelezo. Mgonjwa naye, kama anatumia insulini au vidonge vya kulisukuma kongosho kama glibenklamaidi, asianze kujinyima kabla ya kumwona daktari. Chakula kikipungua na dozi ikabaki ile ile, sukari hushuka hadi mtu akazimia. Dozi hupunguzwa kwanza, na Hospitali Kuu ya Pwani ina kliniki ya kisukari.