Mwache mtoto acheze gemu, lakini PIN ibaki yako

Shule zikifungwa mwezi wa Aprili, Agosti na Novemba, simu za wazazi hazipumziki. Kuanzia Makongeni kule Thika hadi Kimbo na Kihunguro hapa Ruiru, mzazi akiingia jioni simu inachukuliwa hata kabla hajavua viatu. Mmoja anataka Free Fire, mwenzake anataka Roblox, na yule mdogo analilia ile gemu ya magari. Wazazi wengi wanauliza swali lile lile: si afadhali tuwakataze gemu kabisa?

Sisi tunasema hapana. Mara nyingi kinachofungua mlango wa pesa za nyumba ni PIN ambayo mtoto anaijua. Kwa maoni yetu, mzazi anayemruhusu mtoto kucheza huku PIN ikiwa siri yake yuko salama kuliko yule aliyepiga marufuku gemu zote lakini PIN yake inajulikana na kila mtu kwa nyumba.

Kuna watakaosema tunatetea gemu. Hebu tuelezane kwanza.

Simu moja, kazi mbili

Tangu M-PESA ianze Machi 2007, simu imekuwa pochi ya Mkenya. Kodi ya nyumba, tokeni za stima, karo, mchango wa chama na nauli ya matatu ya Thika Road, zote zinapita hapo. Sensa ya 2019 iliihesabu Ruiru mjini kuwa na watu 490,120, na anayeijua Ruiru anajua jinsi ploti za kukodi zilivyojaa familia changa. Mzazi anatoka alfajiri kwenda Nairobi ama viwandani Thika, anarudi usiku. Simu nzuri kwa nyumba ni moja, labda mbili.

Katika nyumba kama hiyo, mtoto ni msaidizi. "Nenda dukani ulete unga na mafuta, lipa na simu, PIN unaijua." Shosho naye macho hayaoni vizuri, kwa hivyo mjukuu ndiye anayemsomea meseji na kumtumia pesa. Huo ni upendo na uaminifu, na hakuna ubaya katika kumtuma mtoto. Shida ni kwamba simu hiyo hiyo siku hizi pia ni duka la gemu, lipo wazi saa 24, na muuzaji wake hamjui mama yako wala hajali kama kesho ni siku ya kodi.

Pesa zinatokaje?

Gemu nyingi zinazopendwa na watoto ni za bure kupakua. Pesa zinaulizwa ndani. Free Fire inauza diamondi, Roblox inauza Robux, nyingine zinauza sarafu, silaha, nguo za mchezaji au "maisha" ya ziada. Mtoto akishindwa, kitufe cha kununua kinajitokeza hapo hapo, wakati ana hasira na hamu ya kurudi uwanjani.

Kisha inakuja sehemu inayotuhusu sisi. Mtoto anaandika namba ya simu ya mama, na ujumbe wa kuomba PIN unatokea kwa skrini. Anaweza hata kuwa anachezea simu ya binamu yake. Ujumbe utatokea kwa simu ya mama iliyoachwa juu ya meza, na mwingine anaweka PIN. Hapo hakuna mwizi wala hakuna aliyedukua chochote. Mfumo wa malipo haujui kama aliyebonyeza ana miaka 9 ama 39. Unajua tu kwamba PIN ni sahihi, na PIN ikiwa sahihi, huyo ni wewe.

Kiasi huwa kidogo, ndiyo maana hakishtui. Lakini piga hesabu. Shilingi 50 mara mbili kwa siku, kwa siku 30 za likizo, ni shilingi 3,000. Kwa mama anayeuza mboga soko la Jamhuri hapo Thika, hiyo inaweza kuwa pesa ya kununua mali ya asubuhi. Na kama umejiunga na huduma ya kukopa papo hapo kama Fuliza, iliyoanza mwaka wa 2019, hata salio likiisha malipo yanaweza kupita. Mtoto amenunua bunduki ya kuchora, wewe umebaki na deni la kweli pamoja na ada yake.

Si Kenya tu

Kuna mzazi atakayesema ni watoto wa siku hizi walioharibika. Tuangalie Marekani. Mwaka wa 2014, tume ya serikali inayolinda wanunuzi, FTC, ilizibana kampuni kubwa kuhusu watoto kununua vitu ndani ya gemu bila ruhusa ya mzazi. Apple ilikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5, na Google angalau dola milioni 19. Sababu ilikuwa rahisi: mzazi akishaweka neno la siri mara moja, mlango ulibaki wazi. Kwa Apple ulikuwa wazi dakika 15, kwa Google dakika 30, na mtoto aliendelea kununua. Mwisho wa 2022, Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 kwa sababu ya vitufe vilivyopangwa kwa namna iliyowafanya watu, watoto wakiwemo, kulipa bila kukusudia.

Watoto wa Marekani hawakuwa wezi, na wa Ruiru pia si wezi. Mlango wa malipo ukiachwa wazi mbele ya mtoto, atapita. Funga mlango, kumwita mtoto majina hakusaidii.

Marufuku inawapeleka wapi?

Tunaelewa mzazi anayesema "gemu marufuku kwangu." Lakini mtoto aliyekatazwa hapati amani, anatafuta njia nyingine. Anaenda kwa rafiki wa ploti ya pili. Anatumiwa gemu kupitia WhatsApp, faili isiyopitia Play Store, ati ni toleo la "diamondi bila mwisho." Ama anaingia kikundi cha Telegram kinachogawa gemu zilizovunjwa.

Hapo ndipo hatari inakuwa kubwa kuliko shilingi 50. Faili kama hizo zinaweza kuomba ruhusa ambazo gemu haihitaji: kusoma meseji zako, kuona orodha ya namba zako, kuchora juu ya skrini, au kutumia ile sehemu ya mipangilio iliyowekwa kusaidia watu wenye ulemavu. Gemu ya mpira haina kazi yoyote na meseji zako. Programu inayosoma meseji inaweza kusoma zile namba za siri unazotumiwa ili kuthibitisha malipo. Mtoto alitaka diamondi, kumbe ameingiza mgeni kwa pochi ya familia.

Kwa hivyo ni heri acheze mbele yako, gemu iliyotoka Play Store ama App Store, kuliko acheze kwa kujificha gemu ambayo hujui ilitoka wapi.

"Na nani ataninunulia unga?"

Hili ndilo swali zito, na halijibiwi kwa kusema tu "usimpe mtu PIN." Maisha ya Thika na Ruiru yana haraka. Kama mtoto hana PIN, nani ataenda dukani?

Majibu yapo. Mpe pesa taslimu kwa vitu vidogo. Ama mwenye duka akupigie, akwambie jumla, na ulipe mwenyewe kwa namba yake ya till ukiwa huko huko kazini. Inachukua dakika moja, na unajua kabisa kilichonunuliwa. Kwa kijana mkubwa, uliza mtoa huduma wako kama ana akaunti ya vijana inayosimamiwa na mzazi, ili atumie pesa alizowekewa tu. Kwa shosho, mtu mzima mmoja anayeaminika asaidie, si mjukuu yeyote aliye karibu.

Ni usumbufu kidogo, ndiyo. Lakini usumbufu wa dakika moja si kitu ukilinganisha na kufika ofisi ya shule siku ya kufungua na kukuta karo imepungua.

Fanya haya wikendi hii

Badilisha PIN yako mtoto akiwa hayupo. Usitumie mwaka wake wa kuzaliwa wala wako, kwa sababu atajaribu hizo kwanza.

Angalia alama za vidole kwenye simu. Wazazi wengi wameruhusu kidole cha mtoto ili afungue simu kucheza. Kama programu yako ya pesa pia inafunguka kwa kidole, basi PIN mpya haikusaidii chochote. Kitoe kidole hicho, ama zima kidole upande wa pesa.

Fungua Play Store, bonyeza picha ya akaunti yako, ingia kwenye mipangilio na uchague kwamba kila ununuzi uthibitishwe. Chagua kila mara. Ukichagua kila dakika 30, umeacha ule mlango tuliousema.

Kabla ya kupakua gemu, soma umri ulioandikwa: 3+, 7+, 12+, 16+ au 18+. Angalia pia kama imeandikwa kwamba ina matangazo na vitu vya kununua ndani. Kama mtoto ana akaunti yake, Family Link ya Google ni ya bure, na inakuwezesha kukubali au kukataa kila gemu anayotaka na kuweka saa za kucheza.

Kisha mkubaliane bajeti. Inaweza kuwa sufuri, inaweza kuwa shilingi 100 kwa mwezi akifanya kazi za nyumba vizuri. Muhimu ni kwamba siku ya kununua, wewe ndiwe unaweka PIN, kwa mkono wako, na mtoto anaona salio likishuka. Hapo anajifunza kitu ambacho gemu haitamfundisha: diamondi ni pesa za mtu aliyezitafuta.

Mwambie pia mambo matatu bila kumtisha. Kwanza, hakuna diamondi za bure. Anayezigawa na kuomba namba ya simu, PIN ama namba ya siri iliyotumwa kwa meseji anataka kuiba. Pili, mtu anayecheza naye mtandaoni na kujiita "Kevo wa Form Two" anaweza kuwa mtu mzima, kwa hivyo picha, jina la shule na mtaa wenu hazitolewi. Tatu, ile ndege inayopaa na kuzidisha pesa si gemu ya watoto. Ni kamari, na Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari.

Kama pesa zimeshatoka

Usikimbilie mwiko. Mtoto anayeogopa kichapo anafuta meseji, na meseji ndiyo ushahidi wako. Kaa naye, mtazame taarifa ya akaunti pamoja, muone pesa zilienda kwa nani na lini. Piga simu kwa mtoa huduma wako siku hiyo hiyo kupitia namba rasmi, kwa sababu pesa zikishafika kwa biashara, kuzirudisha kunategemea pia biashara hiyo. Kama ununuzi ulipitia Google Play, omba kurudishiwa ndani ya saa 48, wakati nafasi bado ni nzuri. Badilisha PIN, na ufute gemu yoyote iliyotoka nje ya Play Store.

Na kama kuna mtu mzima anayemsumbua ama kumtisha mtoto kupitia gemu, piga 116. Ni namba ya kusaidia watoto Kenya nzima, na ni bure.

Sehemu yetu

Hatutaki mzigo wote ubebwe na mzazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi, na wenye gemu wanaofanya biashara Kenya wanafaa kuiheshimu. Sisi wa malipo nasi kazi yetu ni kuonyesha wazi jina la anayelipwa na kiasi kabla PIN haijawekwa, na kutuma ujumbe kila pesa inapotoka. Hatutakupigia kamwe kukuuliza PIN. Anayekupigia na kuiuliza, kata simu.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakuna kampuni wala serikali inayoweza kukufanyia. Hatuwezi kujua ni nani ameshika simu yako saa hizi. Wewe unaweza. Leo jioni, kabla hujamkabidhi mtoto simu acheze, mwulize kwa upole: "PIN yangu unaijua?" Akikujibu bila kusita, usimkemee. Mshukuru kwa kusema ukweli, halafu ibadilishe kabla hamjalala.