Trekta Dogo la Samunge: Gia au Mafuta?

Jina la Samunge lilivuma nchini kote mwaka 2011, magari yalipopanga msururu wa kilomita nyingi kumfuata Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile na kikombe chake cha dawa. Wengi waliofika wakati ule hawakupata nafasi ya kutazama jambo ambalo kwa mwanafunzi wa sayansi lina maana kubwa zaidi, nalo ni mifereji. Wabatemi, ambao wageni wamezoea kuwaita Wasonjo, wameongoza maji ya chemchemi hadi mashambani kwa vizazi vingi, na ugawaji wa maji hayo umo mikononi mwa baraza la wazee waitwao wenamiji. Kila shamba lina zamu yake. Zamu ikifika nalo halijalimwa, maji hupita.

Mahali pa namna hii ndipo swali la trekta dogo linapopata uzito wake. Mkulima au kikundi cha wakulima kinachotafuta trekta la nguvu farasi 20 hivi hukuta sokoni aina mbili. Katika ya kwanza, nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu kwa njia ya klachi na gia zenye meno. Katika ya pili, iitwayo ya haidrostatiki, injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta, na mafuta hayo huzungusha mota iliyounganishwa na ekseli. Muuzaji husema kwamba hii ya pili ni ya kisasa, na kwamba dereva hana haja ya kujifunza gia. Yote mawili ni kweli, wala hayamsaidii mnunuzi kuamua.

Kwanza yafaa mtambo wenyewe ueleweke. Mwanafunzi wa sekondari anaijua kanuni ya Pascal: shinikizo lililotiwa katika kimiminika kilichofungiwa huenea pande zote sawasawa. Ndani ya pampu ya haidrostatiki mna pistoni ndogo, aghalabu 7 au 9, zilizopangwa duara kuuzunguka mhimili, na ncha zake zimeegemea sahani iliyolazwa mshazari. Pampu inapozunguka, mshazari huo huzifanya pistoni ziingie na kutoka, zikivuta mafuta na kuyasukuma. Dereva akikanyaga pedali, mshazari hubadilika. Ukizidi, mafuta hutoka kwa wingi na trekta huenda kasi. Ukiondoka kabisa, hakuna mafuta yanayosukumwa na trekta husimama, hali injini yanguruma. Sahani ikilala upande wa pili, mafuta huzunguka kinyume na trekta hurudi nyuma. Ni ubunifu wa kupendeza mno. Waingereza walilifanyia majaribio trekta la namna hii huko Silsoe mwaka 1954, na mwaka 1967 kampuni ya International Harvester ya Marekani iliutia mtambo huo katika trekta lake la Farmall 656.

Watetezi wa gia wasidhani kwamba shauri limekwisha mapema. Mashamba ya umwagiliaji ni madogo, nayo yamekatwakatwa na mifereji na matuta. Trekta huvuta plau kwa muda mfupi, husimama, hurudi nyuma, hugeuka na kuanza tena. Hiyo ndiyo kazi ambayo haidrostatiki huifanya vizuri kuliko gia. Dereva mgeni atakayeikosea klachi kwenye ukingo wa mfereji anaweza kuuvunja mfereji wenyewe, na hasara hiyo si ya mwenye trekta peke yake. Laiti kazi yote ya trekta ingekuwa kugeuka, haidrostatiki ingeshinda bila ya ubishi.

Lakini trekta hununuliwa ili lilime, na hapo hesabu ndogo yahitajika. Tuseme plau ya mifuo 2 inakata udongo kwa upana wa sentimita 56 na kina cha sentimita 18. Udongo wa wastani huhitaji nyutoni 5 hivi kwa kila sentimita ya mraba inayokatwa, na kwa hiyo plau itahitaji kuvutwa kwa nyutoni 5,040. Kwa mwendo wa kilomita 4.5 kwa saa, yaani mita 1.25 kwa sekunde, hiyo ni kilowati 6.3. Magurudumu nayo huteleza na kuzama. Tukikadiria kwamba asilimia 60 tu ya nguvu ya ekseli ndiyo ifikayo kwenye plau, ekseli itadai kilowati 10.5. Gia nzuri hupitisha kiasi cha asilimia 88 ya nguvu ya injini, ilhali haidrostatiki hupitisha 75 hivi, na sehemu iliyobaki hugeuka joto ndani ya mafuta. Basi injini ya trekta la gia itatoa kilowati 11.9, na ile ya haidrostatiki kilowati 14.

Injini ya nguvu farasi 20 haizidi kilowati 15. Trekta la kwanza limebakiwa na akiba ya kulivusha penye udongo mzito, na la pili linakaribia kikomo. Kwa makadirio ya lita 0.3 za dizeli kwa kila kilowati-saa, tofauti ya kilowati 2.1 katika saa 300 za kulima ni lita 189, karibu pipa zima. Mjini pipa la dizeli ni gharama tu. Tarafa ya Sale ni mbali na Arusha, na pipa hilo ni safari pia.

Hata hivyo, si dizeli inayoamua. Linaloamua ni uchafu. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi, na nafasi iliyopo baina ya pistoni na silinda yake katika pampu ya haidrostatiki ni ndogo kuliko hapo kwa mbali. Chembe ya vumbi iingiayo humo hukwaruza chuma, mafuta huanza kuvuja kwa ndani, na trekta hupungukiwa na nguvu kila mafuta yapatapo joto. Sasa tazama nchi yenyewe. Njia itokayo Mto wa Mbu kuelekea Sale hupita chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima uliolipuka kwa kishindo mwaka 2007 na kumwaga majivu, na vumbi la nyanda zile ni la asili ya volkano. Kubadili chujio na mafuta katika mazingira hayo kwahitaji chumba kisichopitisha upepo, chombo safi, na mafuta ya aina ile ile aliyoitaja mtengenezaji. Atakayemimina mafuta kwa kopo lililokuwa na maji ya mfereji ataiua pampu bila ya kujua ameiua.

Gia nazo huharibika, asidanganywe mtu. Lakini huharibika kwa kelele. Jino likivunjika katika gia ya tatu, mara nyingi, vipande vyake vikiondolewa mapema, gia ya pili bado huvuta, na kazi ya siku hiyo humalizika polepole. Fundi aliyezoea magari ya mizigo ataifungua giaboksi akajua anachokitazama. Betri ikifa, trekta la gia husukumwa likawaka, na la haidrostatiki haliwaki kwa kusukumwa. Wala halivutwi ovyo. Ni lazima kwanza vali yake ya kupitishia mafuta ifunguliwe, na asiyejua huunguza pampu akidhani anaisaidia. Pampu ikichoka, tiba yake mara nyingi ni kuiondoa nzima na kuweka nyingine. Zamu ya maji haitaisubiri pampu hiyo ifike kutoka ng'ambo.

Kwa hiyo kwa Samunge yafaa gia. Lakini si gia yoyote. Trekta lenye gia tatu za mbele na moja ya nyuma litamchosha dereva na kuzivunja kingo za mifereji, na wakulima watasema, kwa haki, kwamba wamedanganywa. Linalotakiwa ni lenye gia za chini nyingi, pamoja na wenzo wa pekee wa kubadili mwendo wa mbele kuwa wa nyuma bila ya kugusa gia nyingine. Wenzo huo unapatikana katika matrekta madogo kadhaa, nao huondoa sehemu kubwa ya ubora uliokuwa wa haidrostatiki. Haidrostatiki iachiwe kazi zake, kama vile kukata majani ya viwanja na kupakia mbolea kwenye mashamba makubwa ya maziwa, mahali penye karakana na mafuta safi.

Nchi hii imekwisha kuonja uchungu wa kuchagua mashine kwa kutazama bei na picha. Baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, pawatila nyingi ziliingizwa. Katika majaruba ya mpunga zilifanya kazi nzuri. Penye udongo mkavu na mgumu zilirukaruka juu ya ardhi na kuishia kubeba mizigo. Kosa halikuwa la pawatila.

Arusha kipo kituo cha CAMARTEC, kilichoundwa mwaka 1981 na kurithi kazi ya kupima zana za kilimo. Matrekta mawili yenye injini sawa, moja la gia na moja la haidrostatiki, yangepelekwa Sale kwa msimu mmoja, wanafunzi wa sekondari za huko wakashika daftari. Vipimo vyenyewe si vigumu: lita za dizeli kwa ekari, sekunde za kugeuza mwishoni mwa kila mfuo, na joto la mafuta ya haidroliki ifikapo saa nane mchana.